Land Rover ya Kakuma na Jina la Mzee

Tangu nirudi kutoka Turkana nimekuwa nikiulizwa barazani nilikwenda kutafuta nini kote huko, na kila nikijibu kwamba nilikwenda kutazama Land Rover kuukuu ya polisi, watu hucheka. Wacheke tu. Mimi nilikwenda kwa amana ya mtu, na nimerudi na jambo ambalo naona si haki nikae nalo peke yangu.

Amana yenyewe ni ya shemeji yangu aishiye Muscat. Bwana huyu hakupenda farasi wala ngamia wa mashindano kama wenzake wa huko. Yeye alipenda magari ya polisi wa Kimarekani, yale tuliyoyaona utotoni katika majumba ya sinema ya Mombasa yakikimbizana na kugongana huku ving'ora vikilia. Sisi tulitoka sinema tukaenda zetu kula mihogo ya kukaanga. Yeye yalimkaa moyoni, na alipojaaliwa riziki yake akaanza kuyanunua. Sasa anayo manne, kila moja lina hadithi yake, na kila hadithi huchukua muda wa kahawa mbili.

Zamani nikidhani ni mchezo wa wenye fedha tu. Nilipokwenda kukaa naye nikaona kumbe ni elimu. Gari la polisi la Marekani si gari lililopakwa nyeusi na nyeupe kisha likatiwa taa juu. Polisi wa mji wa Akron, katika jimbo la Ohio, walipewa gari la umeme mwaka 1899, na miaka ilivyokwenda viwanda vya Detroit viliona kuna biashara hapo, vikawa vinawatengenezea polisi magari yao mbali. Kwa macho ni gari la baba wa watoto watatu. Chini yake springi ni ngumu zaidi, breki ni kubwa zaidi, kipozeo cha injini kimeongezwa nguvu kwa sababu gari la polisi hushinda limewashwa bila ya kwenda popote, na spidomita imepimwa barabara ili ushahidi wake ukubalike mbele ya hakimu.

Basi uasili wa gari hilo hauko katika rangi. Uko katika namba. Chevrolet waliyaita magari yao ya polisi 9C1. Plymouth na Dodge za miaka ya 1970 zina herufi K, ya pili katika namba ya gari, na hiyo ndiyo ya polisi. Ya teksi ni T. Ford Crown Victoria ya polisi ina P71 katikati ya namba yake kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Crown Victoria wengi wenu mnaijua, kwani ndugu zetu walioko Ghuba waliiendesha miaka mingi kama gari la nyumbani, na ile ya mwisho kabisa iliyotoka kiwandani St. Thomas, nchini Kanada, mwezi wa Septemba 2011, ilitengenezewa Saudia.

Elimu hii shemeji aliinunua kwa hasara. Gari lake la kwanza lilikuwa Plymouth Fury, na aliyemuuzia alimwapia kwamba limetumika polisi miaka minne. Lilikuwa na taa nyekundu juu, nembo ya nyota mlangoni, hata pingu zilining'inia kwenye kioo. Baada ya mwaka mmoja mjuzi mmoja alilisoma namba: herufi ya pili ilikuwa L, si K. Lilikuwa gari la raia tangu kuzaliwa kwake, likavishwa sare ya polisi uzeeni. Tangu siku hiyo shemeji haangalii nembo. Hupapasa paa kwa vidole, taratibu, kama mama atafutaye chawa, akitafuta matundu. Maana polisi wa huko wakiliacha gari hung'oa taa na antena, na matundu hubaki yamezibwa kwa mpira. Tundu la kweli lina rangi za miaka mingi ndani yake, tabaka juu ya tabaka. Tundu la uongo ni jipya, na ukingo wake bado unakata kidole.

Sasa tuje kwetu. Mapema mwaka huu shemeji alipelekewa picha kwa simu: Land Rover ndefu, imesimama chini ya mgunga huko Kakuma. Muuzaji aliandika kwamba ni gari la polisi la enzi ya ukoloni, na kwamba ndilo lililomchukua Mzee Jomo Kenyatta alipowekwa kizuizini Lodwar. Bei yake ilikuwa mara nane ya bei ya Land Rover kuukuu. Shemeji akanipigia. "Nenda ukalipapase," akaniambia. "Nikilipata la kweli nitaliweka katikati ya Wamarekani wangu."

Madai hayo si madogo. Mzee Kenyatta na wenzake watano, yaani Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko, walihukumiwa Kapenguria mwezi wa Aprili 1953, wakapelekwa Lokitaung, kaskazini kabisa ya Turkana. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar akae chini ya ulinzi, na mwaka 1961 akapelekwa Maralal, kisha akaachiliwa. Nyumba aliyokaa Lodwar ingaliko. Turkana siku hizo ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii ila kwa kibali, na Serikali iliichagua kwa sababu ile ile iliyoifanya ichague Lamu na Manda kwa wafungwa wengine: mahali ambapo mtu akipiga kelele hasikiki. Sisi wa Pwani tunaifahamu vizuri hesabu hiyo.

Nilikwenda kwa njia ya Kitale, nikashuka mlima kupita Kainuk na Lokichar hadi Lodwar, kando ya mto Turkwel. Joto lake si joto letu. Letu lina jasho, lile ni kavu, hukausha midomo kabla hujasema bismillahi. Mvua yake ya mwaka mzima haifiki robo ya mvua ya Mombasa. Nayataja haya si kwa kulalamika, bali kwa sababu yanahusu gari. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na haili kutu, lakini chasi yake ni ya chuma. Mombasa chasi huliwa na chumvi ya bahari mpaka ukaitoboa kwa bisibisi. Turkana chuma hukaa. Gari la miaka hamsini linaweza kukupa namba zake zote kama jana, ikiwa hapana mtu aliyezichezea.

Msikitini Lodwar, baada ya Alasiri, niliuliza ni nani fundi wa zamani wa Land Rover, na watu watatu wakanitajia mzee mmoja. Si Mwislamu, ni Mturkana wa hapo hapo, lakini mafundi hawana madhehebu. Aliingia gereji ya Serikali mwaka 1973 akiwa kijana wa kuosha vyombo, akatoka akiwa fundi mkuu. Nilipomwonyesha picha aliishika mbali, kisha karibu, asiseme kitu. Kisha akasema, "Twende tukaione. Picha haina sauti."

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi, na siku hizi ni lami safi. Mzee alinionyesha njiani mahali ambapo zamani misafara ya mabasi na malori ya misaada ilijipanga, polisi mbele na polisi nyuma, kwa kuogopa majambazi. Kakuma yenyewe ilikuwa kituo kidogo mpaka mwaka 1992, ilipofunguliwa kambi ya wakimbizi kwa ajili ya wale vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan. Leo ni mji mkubwa, na ukisimama kando ya njia utaona magari meupe ya mashirika yakipita moja baada ya jingine. Magari yakaribiwapo kwa wingi, vyuma chakavu navyo hukaribiwa, na ndivyo muuzaji wetu alivyopata riziki yake: ana uwanja wenye ua wa mathenge, na ndani yake injini, madigadi na vitanda vya chuma vimelaliana.

Alitupokea vizuri, akaniita Sheikh kwa sababu ya kofia yangu, akaagiza chai. Gari lilikuwa chini ya mgunga kama katika picha, ila boneti sasa ilikuwa na buluu mpya iliyong'aa, na harufu ya rangi ilikuwa bado haijatoka. Kando palikuwa na makopo mawili. "Nalitengeneza lirudi asili," akasema.

Mimi nilianza kwa macho, kama nilivyofundishwa. Taa kubwa za mbele zilikuwa kwenye madigadi, pembeni. Land Rover za mwaka 1959 taa zake zi karibu karibu, katikati, ubavuni mwa wavu wa mbele. Zilihamia kwenye madigadi mwaka 1968 na 1969. Nikamwambia. Hakubabaika. Akanijibu kwamba madigadi yalibadilishwa baada ya ajali. Jibu hilo si la kijinga, maana madigadi ya Land Rover hufunguliwa kwa spana na mtoto wa shule. Kwa hiyo taa ni dalili, si ushahidi.

Ushahidi uko chini. Mzee fundi alikuwa amekwisha lala mchangani, mguu wake mmoja tu ndio ulioonekana. Aliomba petroli, brashi ya waya na kitambaa, akasugua chasi pale springi ya mbele ya kulia inapofungwa, kisha akaniita nisome kwa sababu macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Namba ilianza na 252. Hiyo ni Land Rover ya inchi 109, ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kwenda nje ya Uingereza. Mwisho wake palikuwa na herufi G. Aina hiyo ya gari ilianza kutengenezwa mwaka 1961, ikianzia herufi A, na G ni ya karibu na mwaka 1970. Mzee Kenyatta wakati huo alikuwa Ikulu, si Lodwar.

Nilitoka chini nikijipangusa mchanga, nimeridhika kama mwanafunzi aliyepata hesabu. Jambo limekwisha, nikadhani. Lakini fundi hakutoka. Nilimsikia anagonga kitu kwa kidole, polepole, tena na tena. Nikainama. Alikuwa ameshika kiraka katika chasi, upande wa nyuma, bamba lililochomelewa na kisha kufungwa riveti sita, mbili zake zimepinda.

"Mkono huu ni wangu," akasema.

Alisimulia akiwa amelala vile vile. Ilikuwa wakati wa njaa ya 1980 na 1981, ile iliyowamaliza watu na mifugo ya Turkana. Gari lilikuwa likisindikiza malori ya mahindi, likaingia katika laga usiku maji yakishuka, chasi ikapasuka. Hapakuwa na bamba la chuma, wakakata pipa la mafuta. Hapakuwa na riveti za kutosha, ndiyo maana mbili ni misumari iliyopondwa. Asubuhi gari likaondoka. Kisha akatoka, akaingia ndani, akanionyesha kwenye dashibodi matundu manne ya redio ya mawasiliano, yamejaa rangi za tabaka tatu, na nyuma ya kiti alama za chuma kilichoshikilia bunduki. Akasema gari hili lilichukua wagonjwa wa kipindupindu na lilichukua maiti. Akasema pia, na hakupunguza sauti kwa sababu ya muuzaji, kwamba lilichukua watu waliofungwa kamba, wengine hawakujua kosa lao, na kwamba manyata mengine yakisikia mlio wake watoto walikuwa wakikimbilia vichakani. Mjomba wake alipanda gari hilo akiwa mzima.

Muuzaji alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanivuta kando. "Sheikh," akasema, "hayo nani atayanunua? Jina la Mzee ndilo linaloleta pesa."

Sikuwa na jibu la haraka, nakiri. Nilikumbuka ile habari tuliyosomeshwa chuoni, ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni kwenye rundo la chakula akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Juu pakavu, chini pamelowa. Wanachuoni wametoa humo hukumu nyingi za biashara, lakini mimi siku hiyo Kakuma nililiona lile tendo lenyewe: mkono haukuishia juu ya rundo. Kumwambia mtu gari hili lilimbeba Kenyatta nalo halikumbeba ni ghushi, hilo kila mtu alijua. Lakini yale makopo mawili ya rangi nayo yalikuwa ghushi, na hiyo ndiyo iliyokuwa inaendelea mbele ya macho yetu bila ya mtu kuona vibaya. Kesho msasa ungefika kwenye dashibodi, matundu yakazibwa, riveti zilizopinda zikang'olewa zikatiwa zinazong'aa. Gari likapendeza, na mjomba wa fundi akafutika.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na wenye kupenda magari safi. Nairobi kuna mashindano ya Concours d'Elegance tangu mwaka 1970, magari kuukuu hung'arishwa hata chini ya tumbo, na ni furaha kuyatazama. Gari la mtu binafsi ni mali yake, alipambe atakavyo. Lakini gari la polisi halikuwa la mtu binafsi. Liliwapita watu wengi mno. Ndiyo maana hao Wamarekani wa shemeji, pamoja na mizaha yao yote ya taa na ving'ora, huthamini mlango uliokwaruzwa na nembo iliyong'olewa kuliko mlango mpya.

Na sisi Pwani tusijifanye walimu. Makasha mangapi yamepakwa moshi na mafuta yakauzwa kuwa ya babu? Milango mingapi ya Lamu na Unguja imechongwa juzi, ikatobolewa matundu ya mchwa kwa keekee? Na ile ya kweli tumeing'oa wenyewe tukaiuza, kisha tukatia ya kioo. Aliye na mlango wa asili nyumbani kwake na aweke kikombe chini aende akautazame.

Ninalolitaka mimi ni dogo na halina gharama. Magari ya Serikali, yenye namba za GK, yakichakaa huuzwa kwa mnada. Hilo ni halali na lazima, Serikali haiwezi kuwa kaburi la magari. Lakini logibuku niliyoonyeshwa Kakuma inaanza siku ya mnada, kana kwamba gari lilizaliwa siku hiyo likiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Kazi yake yote ya nyuma, vituo lilivyokaa, safari zake, matengenezo yake, haikumfuata mnunuzi hata kwa karatasi moja. Uingereza, jumba la magari la Gaydon lina madaftari ya kiwanda, na ukilipa ada watakuandikia gari lako lilitengenezwa lini, lilikuwa rangi gani na lilipelekwa wapi. Shemeji amewaandikia, wakamjibu: limetoka Solihull mwaka 1970, kijani, likapelekwa Mombasa. Tazameni basi. Wageni wanaijua siku lilipoondoka kwao kuja Kilindini, na sisi tuliolitumia zaidi ya miaka ishirini tunamtegemea mzee mmoja aliyelala mchangani.

Wazee kama yule hawako wengi. Makumbusho ya Taifa yangemtuma kijana mmoja mwenye daftari na kinasa sauti akae Lodwar mwezi mmoja, angepata habari za polisi, za barabara na za njaa ambazo hazimo katika faili yoyote. Na kama ningekuwa na neno mbele ya wakubwa ningeomba Land Rover moja tu, hii au nyingine, iwekwe karibu na ile nyumba ya Lodwar, bila ya kupakwa rangi, na kibao kiandikwe waziwazi kwamba gari hili halikumchukua Mzee Kenyatta, kisha kitaje liliowachukua.

Shemeji nilimpigia jioni ile ile. Alinyamaza kidogo, akauliza habari za kiraka, akataka picha ya zile riveti mbili. Kisha akasema atalinunua, kwa bei ya Land Rover ya mwaka 1970 na kitu juu yake kwa ajili ya matundu ya redio, kwa sharti kwamba brashi isiliguse tena na kwamba fundi asimulie yote yaandikwe. Fundi alikubali. Muuzaji alifikiri siku mbili, akajibu kwamba kuna mtu wa Nairobi amemwahidi zaidi, mtu ambaye hakuuliza namba.

Asubuhi ya kuondoka kwangu nilimkuta fundi kituoni Lodwar, amekuja kuniaga. Alinipa riveti moja iliyopinda. Alikuwa amemwomba muuzaji ruhusa ya kuing'oa, akaweka nzima mahali pake ili chasi isilegee. Ninayo hapa mezani.